Nusu ya Kazi, Nusu ya Kucheza

Kuna herufi moja iliyonikalisha wiki mbili bila kununua chochote. Herufi yenyewe ni F. Ingia duka la kompyuta Kariakoo, uliza prosesa ya Intel ya bei ya kati, na unaweza kuonyeshwa maboksi mawili yanayofanana: Core i5-12400 na Core i5-12400F. Zote mbili zilitoka Januari 2022, zote zina viini sita na nyuzi kumi na mbili. Tofauti ni kwamba yenye F haina sehemu ya picha inayofanya kazi ndani yake. Usipoiwekea kadi ya grafiksi ya kununua pembeni, kioo kinabaki cheusi. Kwa sababu hiyo huuzwa bei ya chini kidogo, na kwa mtu anayejenga kompyuta ya gemu ndiyo yenye akili. Kadi atanunua tu, sasa alipie ya nini kitu ambacho hatakitumia?

Mimi nilitaka kompyuta ya kucheza gemu. Nilitaka pia kompyuta ya kuhariri video. Na karibu kila niliyemwomba ushauri alinijibu kama vile nimetaja kitu kimoja.

Gemu ni kazi ya kuchora papo hapo. Ili mchezo uende laini, kompyuta inatakiwa ichore fremu 60 kila sekunde, yaani kila fremu ina milisekunde kama 16.7 tu za kukamilika. Kioo cha kawaida cha 1920 kwa 1080 kina pikseli 2,073,600, na zote zinasubiri kupewa rangi ndani ya muda huo. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na kadi ya grafiksi, ndiyo maana wachezaji humwaga pesa zao nyingi hapo.

Kuhariri video ni kufungua mafurushi. Kamera niliyoazima idarani hurekodi kwa kodeki ya H.265, na kodeki hiyo haihifadhi kila fremu ikiwa nzima. Huhifadhi moja kamili, kisha kwa nyingi zinazofuata huandika kilichobadilika tu: mkono ulisogea, pazia lilipepea, ukuta haukubadilika. Faili linakuwa dogo. Lakini ukitaka kusimama pale mzee anaponyamaza kabla ya kujibu, kompyuta lazima irudi kwenye fremu kamili iliyo karibu na kuzijenga upya zote zilizopo katikati. Mhariri hufanya hivyo kutwa nzima, mbele na nyuma, akitafuta mahali pa kukata.

Kazi hiyo ya kufungua ina saketi zake maalumu, na hapo ndipo F ilipoanza kuninyima usingizi. Kamera ile ilirekodi rangi kwa mpangilio wa 4:2:2 wa biti 10, unaotunza rangi nyingi kuliko video ya simu. Saketi za kadi za NVIDIA za kizazi cha RTX 30 na RTX 40 hazifungui H.265 ya mpangilio huo. Zilizokuja kuufungua ni za RTX 50, mwaka 2025, ambazo bei yake sikuwa na ubavu hata wa kuiuliza mara mbili. Lakini ile sehemu ndogo ya picha iliyomo ndani ya 12400 isiyo na F, ambayo wachezaji huiona mzigo, inaufungua. Si kila programu ya kuhariri inajua kuitumia. Ninayoitumia mimi inajua.

Kwa hiyo swali la F lilikuwa linauliza nani kati yetu wawili aanze kuhudumiwa: mimi ninayesoma au mimi ninayetaka kucheza.

Ninasoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu unahusu watu waliokuwa wakienda sinema Dar es Salaam: wakata tiketi, waendesha projekta, watazamaji wa kawaida. Nimewahoji watu 14, karibu wote wazee, kila mmoja kwa saa moja hivi. Kamera ikirekodi megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ni gigabaiti 45. Mara 14, ni gigabaiti 630. Ukitaka nakala mbili, na mtu mwenye akili timamu anataka nakala mbili, unavuka terabaiti moja. Laptopu yangu ina gigabaiti 256, na nusu yake imeshaliwa na programu.

Nilikwenda kwa wazee wale nikitegemea historia ya biashara: nani alimiliki jumba gani, filamu zilifikaje, kodi ilikuwaje. Walinieleza hayo, kwa adabu. Kisha, bila kuulizwa, walinieleza furaha. Mzee aliyefanya kazi bandarini maisha yake yote hakukumbuka mwaka alioajiriwa, ila alikumbuka kiti alichopenda kukalia. Mwingine aliimba wimbo wa filamu ya Kihindi mwanzo hadi mwisho, lugha asiyoijua, macho yakiwa yamefumbwa.

Bibi mmoja wa Magomeni, aliyekulia Unguja, alinieleza maonyesho ya wanawake peke yao. Huko mwambao palikuwa na siku ambapo jumba zima lilikuwa lao, wakaenda na mashoga zao, na watoto mgongoni. Nikamuuliza, kama mwanafunzi niliyefundishwa kuuliza, maonyesho yale yalikuwa na maana gani kwa wanawake wa wakati ule. Akaniangalia kidogo.

"Maana?" akasema. "Mwanangu, tulikwenda kucheka. Pesa ya tiketi tuliipunguza kwenye pesa ya mboga."

Miezi miwili baadaye akafariki. Binti yake alinipigia siku chache baada ya arobaini. Hakuwa na haja na video. Aliuliza kama naweza kumpatia sauti, hata dakika tano tu, kwa sababu picha za mama yake anazo nyingi ila sauti hana hata moja. Faili lile lina dakika 52, gigabaiti 39. Nilikuwa nalo mahali pamoja tu duniani, kwenye diski ya nje niliyoazimwa na mwanafunzi mwenzangu, na kila mara laptopu ilipoisoma ilitoa mlio mdogo ambao sikuupenda. Usiku ule nilichomoa sauti peke yake, nikaipunguza hadi ikaweza kwenda kwa WhatsApp, nikamtumia yote dakika 52. Kisha nikaketi kuandika orodha ya vifaa.

Upande wa kazi, basi, ulikuwa na hoja ambayo hakuna mtu angeipinga. Ndiyo maana nataka kusema sawasawa kuhusu upande wa pili.

Mtaani kwetu Temeke, nilipokuwa darasa la tano, palikuwa na kibanda cha gemu. Mabati juu, mbao pembeni, televisheni mbili za kichogo, pleisteshini mbili, benchi, na kijana wa kukusanya pesa. Ulilipa kwa mechi. Kaka yangu alikuwa mteja wa kudumu. Mimi nilitumwa kwenda kumwita, na nilijifunza kwenda mapema kuliko nilivyotumwa ili nisimame mlangoni. Hakuna sheria iliyosema wasichana wasiingie. Hakukuwa na haja ya sheria. Siku moja tu kaka alinipa padi, kipindi cha pili, alipokuwa ameshafungwa matatu kwa bila. Nilicheza dakika zilizobaki. Wavulana walicheka, kisha nikafunga bao, wakanyamaza, kisha mmoja akasema muda umekwisha.

Sijawahi kuwa na kinyongo na kibanda kile. Ila nimefika uzamili nikiwa bado sijakaa mbele ya gemu kwa saa moja bila kuwa na mtu anayesubiri nimrudishie padi yake. Nilitaka saa hiyo. Nilitaka kuendesha farasi kwenye nchi isiyokuwepo. Nilitaka kufungwa matatu kwa bila na kompyuta, nyumbani kwangu, halafu nianze upya.

Tatizo ni kwamba tumelelewa kuwa na sababu. Mtoto aliyesomeshwa kwa vitenge, kama mimi, anajua kila shilingi ilikotoka. Mama yangu anauza vitenge na amekuwa akijenga nyumba Chanika tangu nikiwa kidato cha pili. Kwake, pesa ina njia mbili: ada na tofali. Kwa hiyo wenzangu wengi wenye kompyuta za gemu walizinunua kwa jina la masomo. Mmoja aliwaambia wazazi kwamba kadi yake ya grafiksi ni ya takwimu. Pengine aliitumia kwa takwimu pia. Sitaki kumsema. Ila nilipowaza kumwambia Mama hivyo, nilimsikia yule bibi wa Magomeni na pesa ya mboga.

Nilikuwa na shilingi 2,400,000. Zilitoka kwenye kupiga video za send-ofu na harusi mwaka mzima wa wikiendi, na posho kidogo ya kusaidia utafiti wa mwalimu mmoja. Pesa hiyo haikutosha kompyuta ninayoitaka. Ilitosha kompyuta ya gemu isiyo na mahali salama pa kuweka mahojiano, au kompyuta ya mahojiano isiyo na kadi ya gemu. Nikamwendea Mama kwenye meza yake, akiwa anakunja vitenge jioni.

"Hiyo kompyuta ni ya masomo?" akauliza.

"Nusu ya masomo, Mama. Nusu ya kucheza."

Akaendelea kukunja. "Kucheza nini?"

"Gemu. Kama zile za kibandani."

"Zile za kaka yako?"

"Ndiyo. Ila hizi zangu."

Akacheka kwa pua, kicheko ambacho kwa Mama si ruhusa wala si katazo. Kisha akauliza bei, nikamtajia, na nikamweleza kwamba pesa haifiki. Nilitegemea aseme basi chagua kimoja. Badala yake akauliza kama hicho kifaa cha gemu kinaweza kuja baadaye bila kubomoa kilichojengwa.

Ni swali la mjenzi, na ni swali lenyewe hasa. Ukipita Chanika, Mbagala, Goba, kila penye viwanja, utaona nyumba za chini ambazo juu yake zimechomoza nondo kuelekea mawinguni. Mwenye nyumba bado hana pesa ya ghorofa. Ana msingi unaoweza kubeba ghorofa, na nondo za kuunganishia siku ikifika. Wageni huona nyumba ambayo haijaisha. Sisi tunaona mpango.

Nikairudia orodha yangu kwa jicho hilo, na vitu vikajipanga vyenyewe.

Prosesa: 12400 isiyo na F. Nilishajua inafaa kwa kuhariri. Nilichokuwa sijakipa uzito ni kwamba kompyuta yake inawaka bila kadi. Ile ya F ingelala kabatini mpaka ninunue kadi. Hii ningeanza kuitumia siku hiyohiyo. Tofauti ya bei dukani ilikuwa shilingi 60,000. Nikalipa 450,000.

Mazabodi: ya B660, 380,000. Zipo za ramu za DDR5 na za DDR4. Nikachukua ya DDR4 kwa sababu ramu zake zilikuwa nafuu. Nilihakikisha ina ile nafasi ndefu ya kadi ya grafiksi. Hiyo ndiyo nondo ya kwanza.

Ramu: gigabaiti 32, vipande viwili vya 16 badala ya kimoja cha 32, kwa 220,000. Vipande viwili hufungua njia mbili za kupitisha data kwa pamoja, na sehemu ya picha ya ndani, kwa kuwa haina kumbukumbu yake, huazima kwenye ramu. Ukiipa njia moja nyembamba, unaibana mara mbili.

Hifadhi: SSD ya terabaiti moja kwa mfumo na kazi inayoendelea, 220,000, na diski ya kawaida ya terabaiti nne kwa mahojiano, 300,000. Diski hiyo haina mwendo na hakuna mtu atakayeisifu. Mle ndimo atakamokaa bibi wa Magomeni.

Pawasaplai: wati 650, 180,000. Prosesa yangu ikikazana hufikia wati 117. Kadi ninayoitaka, RTX 3060, hula wati 170. Kwa leo, bila kadi, nusu ya pawasaplai ile ingetosha. Lakini hii ina nguvu ya ziada na waya wa pini nane wa kadi, umefungwa kwa zipu ndani ya kasha ukisubiri. Nondo ya pili.

Kasha: la kawaida, lenye wavu mbele, 150,000. Palikuwa na la kioo lenye taa za rangi zote kwa bei kubwa zaidi. Taa hazipozi kitu, na Dar ina joto na vumbi; nilitaka upepo uingie na kichujio ninachoweza kukisuuza.

UPS: 250,000. Umeme ukikatika katikati ya kuandika faili, faili hilo linaweza lisifunguke tena. UPS hainipi muda wa kuendelea kufanya kazi. Inanipa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa heshima.

Jumla 2,150,000. Zikabaki 250,000.

Kaka ndiye aliyenisindikiza kununua. Muuzaji alizungumza naye kwa dakika nzima kabla kaka hajamwambia, "Mwulize dada, mimi nimekuja kubeba maboksi." Muuzaji, kijana mstaarabu tu, akanigeukia na kunishauri ile ya F. "Sista, hii nyingine unalipia hewa. Kadi si utaweka?"

"Nitaweka," nikasema. "Ila si leo."

Nikamweleza habari ya 4:2:2. Akasikiliza, akachukua simu yake, akaandika kitu. Akasema ana mteja mwingine wa harusi anayelalamika kila siku kwamba video za kamera yake zinakwama, naye amekuwa akimshauri abadilishe kadi.

Kuhusu kadi nimeamua hivi. RTX 4060 ya 2023 ni mpya zaidi, ina kasi zaidi kwenye gemu, na hula wati 115 tu. Lakini ina gigabaiti 8 za kumbukumbu. RTX 3060 ya mwanzo, ya 2021, ina 12, na kumbukumbu hiyo husaidia sana unapopanga video za 4K juu ya nyingine na kuzirekebisha rangi. Ukiitafuta, soma boksi lote, kwa sababu baadaye lilitoka toleo la gigabaiti 8 lenye jina lilelile. Iliyotumika ina historia pia. Hadi tarehe 15 Septemba 2022 kadi nyingi duniani zilikuwa zikichimba sarafu ya Ethereum usiku na mchana; siku hiyo mfumo wa Ethereum ukabadilika, uchimbaji wake kwa kadi ukaisha, na kadi nyingi zikamwagika sokoni. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, lakini feni zake zimezunguka sana. Mimi nitataka kuiona ikiwaka, ikicheza gemu nusu saa mbele yangu, nisikilize feni, ndipo nitoe pesa. Ya namna hiyo niliyoahidiwa ni 650,000. Nilianza na zile 250,000 zilizobaki, na kila mwezi naongeza 80,000.

Sasa ni mwezi wa tatu. Kompyuta inafanya kazi. Mahojiano yote 14 yako sehemu mbili, na nimeshakata sita. Ninapovuta kidole kumtafuta mzee wa bandarini anaponyamaza, ananyamaza papo hapo, bila kukwama. Jioni nacheza gemu ya mpira ya zaidi ya miaka kumi iliyopita, kwa picha za chini kabisa, kwa sababu ndiyo sehemu ya picha ya ndani inaiweza. Nyasi zinafanana na zulia. Nimefungwa mara nyingi. Hakuna anayesubiri padi.

Juzi Mama alikuja, akasimama nyuma ya kiti na kuangalia kidogo. Akauliza yule mwenye jezi nyekundu ni nani. Nikamwambia ni mimi. Akauliza ghorofa limefikia wapi, nikamjibu bado laki moja na sitini.

"Na mimi nimebakiza bati," akasema, akavuta kigoda akakaa.